Ugoro Usiupime kwa Chafya

Mwanangu, ulisema juzi kwamba ugoro ni ugoro tu, na ulio mkali ndio bora. Keti kidogo. Matatu za Kitengela zitapita nyingine.

Na mimi nilikuwa na imani hiyo nikiwa kijana hapa Mashuuru. Ugoro ukinitoa machozi, basi nimepata. Nikaununua ule wa kuchoma kuliko wote sokoni, nikampelekea baba mkubwa kwa majivuno. Akausugua kwa vidole, akaunusa kwa mbali, akafunga kifuniko. Kisha akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Hakuugusa tena. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba nilimpelekea jani bovu lililofichwa kwa magadi.

Haya magadi ni yetu, yanatoka Ziwa Magadi huku huku Kajiado. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, lakini wazee waliyajua kabla ya reli na mashine. Tumbaku hulimwa mbali, kule Migori na Meru. Vikisagwa pamoja, magadi huifungua nikotini ipenye upesi kwenye utando wa pua. Kazi yake ni hiyo. Yakizidi, unasikia moto tu, na jani lenyewe hulisikii. Muuzaji mjanja anapenda sana uamini kwamba moto ndio ubora.

Kwa hiyo anza na vidole, mwanangu, pua isubiri. Mimina kidogo mno kiganjani, sugua na kidole gumba. Uliosagwa vizuri unateleza. Ukisikia chembechembe, magadi hayakupondwa, au mtu alichoka kusaga mapema. Ukishikana mabonge, una maji na utaingia ukungu. Ukipeperuka kwa pumzi yako, umekauka, na mafuta ya jani yameondoka na harufu yake.

Halafu shika kiganja usawa wa kidevu, unuse bila kuvuta. Hapo ndipo umri wa jani unapojulikana. Jani lililoharakishwa hunuka amonia, ile ile inayokuwasha macho ukiingia zizi la mbuzi alfajiri. Likifungwa na kuachwa litulie, amonia hutoka polepole. Hata kule Kuba, majani ya zile biri nene za matajiri hulazwa ndani ya marobota, mengine kwa miaka, kabla hayajasokotwa. Lililotulia hunukia nyasi kavu, ngozi, pengine asali kwa mbali sana. Na usisahau: magadi nayo huitoa amonia kwa fujo yakichanganywa. Ugoro uliochanganywa leo usiuhukumu leo. Ufunike, uje kesho kutwa.

Puani ni mwisho, na ni kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili. Usivute kwa nguvu. Mzuri hupasha pua joto, kisha uchungu unashuka nyuma ya koo bila kukimbia, na harufu ya jani inabaki muda baada ya ukali kwisha. Mbovu huanza kwa kishindo na kuisha hapo hapo.

Sasa sikia na hili. Sikufundishi ili uanze. Mimi mkebe huu siuachi hata usiku, na siku nikiusahau mama yako ananijua kwa ukali wangu. Tumbaku ya kunusa ina nikotini kama ya sigara, nayo haikuachii ukitaka. Vile vifuko vyenu vya mnanaa mnavyobandika chini ya mdomo navyo ni minyororo ile ile, tena havina hata jani la kunusa. Nataka uijue tumbaku, usitawaliwe nayo.

Kuijua kutakufaa. Siku utakapokwenda kuomba mke, mzee mmoja atakunyooshea mkebe wake. Pokea kwa mkono wa kulia. Sugua, nusa kwa mbali, umwambie ulichokuta: jani limekaa, ila magadi yamezidi kidogo. Kama hutaki kunusa zaidi ya hapo, funika umrudishie kwa heshima, kisha muulize tumbaku yake aliitoa kwa nani. Atakusimulia mpaka chai ipoe, na mahari mtaifikia nyote mkiwa mnacheka.