Hodi ya Mahakamani

Katika nyumba za Waswahili wa Rumonge, kama kwingineko kandokando ya Ziwa Tanganyika, mtoto hufundishwa adabu ya hodi: piga mara tatu, usipoitikiwa, rudi ulikotoka. Je, mlango wa mahakama nao una hodi tatu?

Burundi ya zamani ilijua kwamba hukumu moja yaweza kukosea. Asiyeridhika na uamuzi wa abashingantahe wa kilimani kwake aliweza kulipeleka shauri kwa mkubwa wao, na hatimaye kwa mwami. Lakini ngazi ile ilikuwa na kipago cha mwisho.

Yuko mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, ambaye kila siku ya ushahidi huja na ombi jipya: leo hakimu hafai, kesho hati ina kasoro, keshokutwa wakili mgonjwa. Huyo hatafuti jibu, atafuta siku. Shahidi azeeka, aliyedhulumiwa achoka. Wala upande wa mashtaka haukosi lawama: kila unaposema upelelezi haujakamilika, aliyenyimwa dhamana hutumikia kifungo kabla ya hukumu.

Sasa tutazame shauri la mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson, yaani Papii Kocha, huko Tanzania. Mwaka 2004 walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kubaka watoto. Rufani yao ilikataliwa mwaka 2005. Mahakama ya Rufani ikawakatalia tena mwaka 2010, ingawa iliwaachia wana wengine wawili wa Nguza. Ombi la kuipitia upya hukumu likatupwa mwaka 2013. Mwenye haraka angesema: hodi zimetosha! Hata hivyo, walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha. Mwaka 2018, walipokuwa wamekwisha kutoka gerezani kwa msamaha wa Rais wa Desemba 2017, mahakama hiyo ilitamka kwamba haki yao ya kujitetea ilivunjwa, kwa kuwa hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi. Haikusema kwamba hawana hatia. Ilisema kwamba mizani haikushikwa sawasawa.

Basi kipimo si idadi ya hodi. Tuulize mambo mawili. Kwanza, mwombaji amekuja na neno lisilopata kusikilizwa, au ni lile lile katika kanzu mpya? Pili, ni nani anayelipa gharama ya kungoja? Mfungwa huilipa kwa siku zake mwenyewe. Mwenye kuchelewesha makusudi huwalipisha wengine.

Hata hivyo mwisho hauna budi kuwapo. Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009 huruhusu hukumu kupitiwa upya kwa sababu chache tu, na ombi hilo likiisha kuamuliwa, la pili halipokelewi. Watoto waliodhulumiwa nao wanastahili siku ambayo hawataitwa tena kueleza maumivu yao.

Mlango wa haki usifungwe kwa sababu mbishaji anachosha. Ufungwe pale tu aliye ndani atakapokuwa amesikiliza kweli.