Sifuri Si Uongo: Juu ya Kusoma Kisichoandikwa

Mtu akiomba kusoma ukurasa ambao bado haujaandikwa, apewe nini? Watunzi wa mifumo ya faili za kompyuta walilazimika kulijibu swali hili, na wengi tunalichukulia kuwa ni la mafundi peke yao. Katika insha hii ninadai kwamba ni swali la maadili. Ninadai pia kwamba jibu lililozoeleka, yaani kumpa msomaji sifuri, ni jibu la haki, ila halimalizi wajibu wote.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Programu inaweza kuomba nafasi kubwa kwenye diski kabla ya kuijaza, kama mtu anavyonunua kiwanja kikubwa akaanza kujenga chumba kimoja. Tuseme faili limetengewa baiti 4,000 na zimeandikwa 1,500 tu. Baiti 2,500 zilizobaki ni mali ya faili hilo, lakini si lazima ziwe tupu. Huenda zina mabaki ya aliyekaa hapo awali, kwa sababu kufuta faili kwa kawaida ni kuondoa jina lake kwenye orodha na kuiachilia nafasi, si kuisafisha.

Ndiyo maana mfumo wa exFAT, unaotumika kwenye kadi za kumbukumbu zinazozidi gigabaiti 32, huweka vipimo viwili kwa kila faili: urefu wote, na urefu wa data iliyokwisha kuandikwa kweli. NTFS ya Windows ina kipimo cha namna hiyo, na ext4 ya Linux hutia alama kwenye nafasi iliyotengwa lakini haijaandikwa. Draiva, yaani programu inayosimama kati ya diski na msomaji, ikifika kwenye mpaka huo haimpi msomaji kilichomo kwenye diski, humpa sifuri. Mpaka ukiangukia katikati ya kipande cha diski, draiva hukisoma kipande chote, kisha huisafisha sehemu iliyovuka mpaka kabla ya kumkabidhi msomaji.

Kwa nini taabu yote hii? Mimi nimekulia Jinja na ninasoma Mbale. Baina ya miji hii, kompyuta na diski zilizokwisha kutumika husafiri pamoja na abiria wanaopitia Iganga. Mwanafunzi wa Mbale hununua diski kwa fundi wa Jinja kwa kuwa ni ya bei nafuu, wala haulizi ilikuwa ya nani. Tuseme ilikuwa ya zahanati, na ndani yake yamebaki majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao vya damu. Mwanafunzi anaiandaa diski upya kwa njia ya haraka, anaanza kuandika tasnifu yake. Draiva isiyoheshimu mpaka ingeweza kulichukua jina la mgonjwa, ikaliweka mkiani mwa faili la tasnifu, nalo likatumwa kwa mhadhiri. Mgonjwa huyo hayupo kwenye mazungumzo haya. Hakuombwa ruhusa, na hatajua kamwe kwamba siri yake imepita mikononi mwa watu wawili. Mtu asiyekuwepo kujitetea ndiye anayehitaji zaidi atetewe na utaratibu.

Rafiki yangu anayesoma kompyuta alinipinga. Alisema: ukweli ni kwamba kwenye diski kuna jina, siyo sifuri, basi draiva inayosema sifuri inadanganya, hata kama inadanganya kwa wema. Hoja hii ina uzito, lakini nadhani inakosea kuhusu swali lililoulizwa. Msomaji hakuuliza diski ina alama gani. Aliuliza faili hili linasema nini. Kwa swali hilo, jina la mgonjwa ndilo lingekuwa uongo, kwa sababu faili la tasnifu halikusema jina hilo hata mara moja. Ukweli wa jibu hupimwa kwa swali lake. Ukimuuliza mpangaji mpya kilichomo chumbani mwake, hawajibiki kukusomea barua alizosahau mpangaji wa kwanza nyuma ya kabati.

Mwingine atasema: basi draiva ikatae, itoe taarifa ya kosa. Hapa pia ninaona tatizo. Taarifa ya kosa humwambia msomaji kwamba kitu kimeharibika au kwamba ameomba kisicho chake. Hakuna kati ya hayo lililo kweli. Nafasi ni yake na diski ni nzima. Tena programu inayonakili faili hilo ingekwama njiani bila sababu. Sifuri ni mapatano yanayojulikana kwa waandishi wa programu, kama kimya kinavyoeleweka kwa watu waliokubaliana maana yake. Uongo huhitaji nia ya kumwaminisha mtu lisilokuwepo, na anayeyajua mapatano hadanganyiki.

Lakini je, asiyeyajua? Hapa ndipo ninapoona kwamba jibu la sifuri lina mipaka. Chukua faili la alama za wanafunzi 40, zilizohifadhiwa kama namba, ambapo mwalimu amekwisha kuandika za wanafunzi 25. Programu ikilisoma faili lote bila kuangalia uandishi umeishia wapi, wanafunzi 15 watatokea wamepata sifuri. Kwenye karatasi mwalimu angeweka kistari, na kila mtu angeelewa kwamba mtoto hakufanya mtihani au hajasahihishiwa. Kimya cha draiva kimegeuka kuwa hukumu juu ya mtoto, ingawa draiva haikukosea. Aliyekosea ni yule wa juu yake, aliyepokea sifuri asiulize kama ni alama au ni nafasi tupu. Kwa hiyo ninashikilia kwamba uaminifu wa mfumo hauko katika sifuri yenyewe. Uko katika kile kipimo cha pili, kinachokumbuka uandishi ulipoishia, na katika kila mwenye kuandaa programu kuwa na kumbukumbu ya namna hiyo.

Kipimo hicho nacho kinataka ukweli. Mtu akiusogeza mpaka mbele kabla data haijafika diskini, kisha umeme ukakatika, faili litadai kwamba limeandika mabaki ya mwingine. Ndiyo sababu ext3, katika utaratibu wake wa kawaida, iliandika data kwanza ndipo ikathibitisha kumbukumbu za faili. Windows inaruhusu programu kuusogeza mpaka bila kuandika chochote, lakini kwa mwenye idhini maalumu tu. Sisi nasi hatumwamini karani anayetia sahihi ya kupokea mzigo ambao bado uko njiani.

Nimalizie kwa jambo ambalo draiva haiwezi kulifanya. Sifuri ni pazia, haiondoi kilicho nyuma yake. Mabaki ya zahanati bado yamo diskini, na mwenye programu ya kufufua mafaili anaweza kuyasoma kwa kuipita draiva pembeni. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayowawajibisha wanaokusanya na kutunza habari za watu. Kwa maoni yangu, amana hiyo haiishi siku diski inapouzwa. Draiva imetimiza wajibu wake kwa kutosema lisilo lake. Kuisafisha diski kabla haijapanda gari la kwenda Mbale ni wajibu wa mtu.