Khabari ya Mwalimu wa Mpira na Hukumu ya Kileo

 

Nchi ya Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyokatwa kwayo ikawa wilaya yake mbali mwaka 2012, ni nchi ya migomba katika mkoa wa Kagera. Watu wa pwani waijua tangu zama za Mfalme Rumanyika, misafara yao ilipokuwa ikitua Kafuro kwa biashara ya pembe. Huko mgomba ndio chakula na ndio kinywaji. Ndizi huvundikwa hatta zikaiva, zikakamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachujwa na kutiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa yakalala. Yakinywewa kabla ya kuchacha ni maji matamu yasiyo na ubaya. Yakisha kuchacha ni rubisi. Na rubisi ikipikwa, mvuke wake ukakusanywa, ni gongo.

Wako wasemao kwamba khamri iliyoharimishwa ni ya zabibu, na rubisi ni ndizi tu, chakula cha wazee. Ndugu Waislamu, hoja hii si mpya, na jawabu yake ni kongwe kuliko migomba yote ya Karagwe. Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya vinywaji viwili vya nchi ile, cha asali na cha shayiri. Hakujibiwa kwa jina la kinywaji wala kwa jina la mti; alijibiwa kuwa kila kilevyacho ni haramu. Na Sayyidna Umar alieleza juu ya mimbari kuwa khamri ni kile kifunikacho akili. Kwa hiyo katika madhhab ya Imam Shafi'i rubisi na mvinyo ni mamoja: kidogo chake ni kama kingi chake, ni najisi, na kukiuza ni batili.

Na amri hii haikumlenga mnyonge peke yake, kwani kileo humla na aliye hodari. Paul Gascoigne, Mwingereza aliyezaliwa Gateshead mwaka 1967, alikuwa katika wachezaji mahiri wa mpira wa zama zake. Aliichezea nchi yake mara 57, na machozi yake katika Kombe la Dunia la mwaka 1990, huko Italia, yaliwaliza wengi. Utotoni mwake mtoto mdogo aliyekuwa akimwangalia alikimbilia barabarani akagongwa na gari, akafa mbele ya macho yake. Mtu kama huyo hakuanza na chupa. Alianza na jeraha, kisha chupa ikamwambia kuwa ni dawa, na chupa ni mwongo. Ndoa yake ilivunjika. Tarehe 27 Oktoba 2005 klabu ndogo ya Kettering Town ilimpa kazi ya ualimu wa timu. Tarehe 5 Desemba ikamwondoa. Siku 39, hatta arubaini haikutimia! Mwenye klabu alitaja ulevi. Mwenyewe alikana sababu ile, akasema kuwa mwenye klabu alikuwa akimwingilia katika kazi yake. Walakini kwamba pombe ilikuwa imemshika maishani mwake hakuficha. Ameieleza mara nyingi kwa kinywa chake.

Basi lau jambo hili litatokea Kayanga au penginepo, mwalimu wa vijana akafika uwanjani akiyumba, wafanyeje watu wa timu? Kumwondoa ni haki yao, bali ni wajibu, kwani watoto wa watu ni amana, na kijana humwiga mwalimu wake katika kunywa kabla ya kumwiga katika kupiga mpira. Ujira wa siku alizofanya kazi alipwe wote, usizuiwe kwa kisingizio cha dhambi yake. Lakini adabu ya kupigwa si kazi ya kamati wala ya vijana wa mtaani, ni ya kadhi mwenye mamlaka. Naye haithibitishi illa kwa mtu kukiri au kwa mashahidi wawili waadilifu. Harufu ya mdomo, kwa Shafi'i, si ushahidi. Na watu wangapi wamekwisha kuhukumiwa barazani kwa harufu!

Tena kuna jambo lililo zito zaidi, na hapa ndipo wengi hukosa. Katika zama za Mtume alikuwako mtu aitwaye Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume. Aliletwa mara nyingi kwa kunywa, akaadhibiwa. Siku moja mmoja katika waliohudhuria akamlaani, na Mtume akamkataza, akamshuhudia yule mlevi kuwa ampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipita, na undugu haukupita. Ama sisi, mtu akiondolewa kazini twamtungia jina, watoto wakamfuata nalo njiani. Na jioni yake yule yule aliyemcheka humuita kilabuni akamnunulia kata ya rubisi, apate kumcheka tena kesho. Mnunuzi huyo, na mpishi, na mchukuzi, na mwenye kuila thamani yake, wote wameingia katika laana iliyotajwa na Mtume. Wala mwenye shamba asiseme yeye aliuza ndizi tu, ikiwa alijua ziendako.

Gascoigne alipozidiwa mwaka 2013, wenziwe walisaidia gharama, akapelekwa Marekani kutibiwa. Na Tony Adams, nahodha wa Arsenal aliyefungwa gerezani mwaka 1990 kwa kuendesha gari amelewa, aliiacha pombe mwaka 1996 na akakiri mbele ya watu wote. Mwaka 2000 akaanzisha nyumba ya kuwatibu wanamichezo walioshikwa na maradhi yale yale. Baadaye naye akawa mwalimu, na Portsmouth ikamwondoa mwaka 2009 kwa kushindwa mechi, hali yu mzima wa akili. Aliipoteza kazi, na pombe hakuirudia.

Watu hao walichangiana kwa ajili ya mwenzao. Katika misikiti ya Karagwe na Kyerwa, na ya pwani pia, sanduku la sadaka liko mlangoni, na mlevi aliyefukuzwa kazi hupita mbele yake kila Ijumaa akiona haya kuingia ndani.