Neno "Basi"

Tushike maneno mawili ya kweli: kila mtu hufa, jirani yetu ni mtu. Basi, jirani yetu atakufa. Neno la tatu limezaliwa na yale mawili, wala hatuwezi kulikataa.

Lakini mwaka 1992, hapa kwetu Katanga, wengine walisema: Étienne Tshisekedi, Waziri Mkuu mpya, ni mtu wa Kasai, jirani yetu ni mtu wa Kasai, basi jirani ni wa Tshisekedi, afukuzwe. Mawili ya kwanza yalikuwa kweli. La tatu halikuzaliwa nayo. Watokao mahali pamoja hawana moyo mmoja. Hata hivyo maelfu walifukuzwa, wakalala stesheni ya Likasi wakingoja treni.

Tukitaka kusema "basi", tujiulize kwanza: limezaliwa na nini?