KISUKARI, MITISHAMBA NA AMANA YA MWILI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Enyi ndugu zangu Waislamu, jueni ya kuwa mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Miongoni mwa maradhi yaliyoenea pwani yetu ni kisukari, nayo ni sukari kuzidi katika damu, ikaharibu macho, mafigo na hisi za miguu polepole, na mwenyewe hana habari.

Nalimjua mtu wa safu ya mbele msikitini petu. Tabibu alimpa vidonge, kisha muuza mizizi akamwambia: "Vitupe, unywe hii, huku ndiko kutawakali." Akavitupa. Hata akapata kidonda kidoleni asikihisi, na leo ana mguu mmoja. Nami nalikuwapo alipoambiwa, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu huko ndiko kulikonishikisha kalamu.

Je, majani hayana dawa? Yanayo. Huko Ulaya uko mmea uitwao galega, nao una kitu kishushacho sukari, lakini pia una sumu. Wenye elimu wakachunguza, na mwaka 1922 ikatengenezwa dawa ya jamii ile, metformin. Na mwaka 1957 tabibu Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza kuwatibu kwayo wagonjwa wa kisukari. Basi baina ya jani na dawa pana kipimo, na kipimo ndicho akosacho muuza mizizi.

Uwatu nao huweza kushusha sukari kidogo. Lakini ukichanganywa na dawa za tabibu bila yeye kujua, sukari huweza kushuka mno, mtu akatoka jasho, akatetemeka, akazimia. Basi mwambie tabibu wako kila unachokunywa. Ama aliyeambiwa hana budi na sindano ya insulini, hapana jani lishikalo mahali pake, na kuiacha ni kujitia katika maangamizo.

Tena tembeeni. Msuli ufanyapo kazi huivuta sukari kutoka damuni. Matabibu husema dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa haraka. Basi iache gari, uende msikitini kwa miguu, nawe umevaa viatu. Na utiapo udhu, ukipitisha kidole baina ya vidole vya miguu kama ilivyo sunna, tazama: pana jeraha? Kisha kausha vyema. Rafiki yetu yule alikuwa akitia udhu kila siku, wala hakutazama.

Mtume wetu alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kisha atawakali. Basi kidonge ni kamba, na mwendo ni kamba. Funga, kisha tawakali.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utusamehe tulionyamaza. Amin.