Mbwa Aliyetupwa

Katika miji mingine wako watu wenye moyo mwema wanaookota mbwa waliotupwa na kuwatunza pasipo mshahara, hata apatikane mtu wa kuwachukua. Je, yafaa Mkristo amchukue mmoja, na hali kuna watoto wenye njaa?

Katekisimu ya mwaka 1992 (namba 2416 hata 2418) yafundisha: wanyama ni viumbe vya Mungu, na kuwatesa bure hakupatani na heshima ya mtu, lakini fedha ipasayo kwanza kuwasaidia maskini isitumiwe kwao. Basi, mtoto ale kwanza. Lakini amfungaye mbwa mlangoni pake amemzuia kujitafutia chakula. Tangu siku hiyo chakula chake, na chanjo ya kichaa, ni deni. Asiyeweza kulilipa asimchukue. Aliyemchukua asimtupe tena, kwa maana Mungu atamwuliza habari za kiumbe chake.