Ujuzi wa Mgeni na Faradhi ya Mwenyeji

Daktari aliyehitimu Mogadishu, Nairobi au Lubumbashi anapohamia Minneapolis au Saint Paul, Marekani, huingia na ujuzi wake wote, lakini ruhusa ya kuutumia hana. Maradhi ni yaleyale na dawa nyingi ni zilezile. Kilichobadilika ni sheria. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanazuoni walilijadili karne nyingi kabla ya kuwepo viza na pasipoti. Je, elimu ya mtu ni mali yake binafsi, akikosa pa kuitumia hasara ni yake peke yake? Au ni amana, na wengine nao wana haki ndani yake? Jibu ndilo linaloamua ni nani anayewajibika mhamiaji mwenye taaluma anapokosa kazi ya taaluma yake.

Njia ya kurudi kwenye udaktari ni ndefu. Vyeti huthibitishwa kwanza na ECFMG, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo huviulizia moja kwa moja kwenye chuo alikosoma mwombaji. Kwa Msomali aliyekimbia vita vya 1991, hatua hiyo ya mwanzo yaweza kuwa ngumu kuliko zote, maana chuo kikuu cha taifa kilifungwa na watumishi wake wakatawanyika. Hufuata mitihani ya leseni kwa awamu, kisha kugombea nafasi ya residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini yasiyopungua miaka 3, hata kwa aliyekwisha kutibu watu miaka 20. Matokeo hutoka katikati ya Machi: Jumatatu mwombaji huambiwa kama amepata nafasi, na aliyepata husubiri hadi Ijumaa kujua ni hospitali ipi. Wengi waliosoma nje hukwama hapa, kwa sababu hospitali nyingi hupendelea waliohitimu karibuni. Ada ya mitihani hupatikana kwa kufanya kazi yoyote, kazi hiyo hula muda wa kusoma, na muda ukipita cheti huonekana kimechakaa.

Kazi hiyo yoyote mara nyingi ni kutunza wazee. Taasisi ya Kimataifa ya Minnesota, iliyoanzishwa Saint Paul mwaka 1919, imewafundisha wahamiaji wengi usaidizi wa uuguzi, na katika vitongoji kama Brooklyn Park ni kawaida kumkuta Mkenya anayeishi kwa zamu za usiku katika nyumba za wazee. Msaidizi wa muuguzi humgeuza mgonjwa kitandani, humwosha, humpima shinikizo la damu na uzito, na kuandika. Akiwa ni daktari, ataona vifundo vya miguu vimevimba, uzito umepanda ndani ya siku chache, na mzee anahema kila akilala chali. Anajua kwamba moyo umeanza kushindwa, na anajua dawa ipi ingeandikwa na kwa kipimo gani. Wajibu wake unaishia kumwarifu muuguzi wa zamu. Elimu ipo chumbani, mgonjwa yupo chumbani, na kati yao hakuna njia.

Sheria inayoweka mpaka huo ina hoja nzito. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Frank Dent, tabibu wa West Virginia aliyekuwa amefanya kazi miaka kadhaa, lakini bodi ya afya ya jimbo ikaikataa stashahada yake kwa sababu haikukitambua chuo alichosomea. Mahakama ilishikilia kwamba jimbo lina haki ya kudai uthibitisho wa elimu, kwa kuwa mgonjwa hana uwezo wa kumpima daktari wake mwenyewe. Lazima aamini cheti. Hoja hiyo ni ya haki, na mhamiaji mwaminifu hawezi kuipinga, kwani mama yake naye atalazwa siku moja. Lakini ina kikomo. Inatetea kipimo cha elimu. Haitetei uchache wa nafasi za mafunzo, wala mwaka wa kuhitimu kutumiwa kana kwamba ndio kipimo chenyewe. Daktari aliyefaulu mitihani yote na bado anasukuma vitanda hajazuiwa kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Amezuiwa kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ni jukumu lake kumfungulia.

Jukumu hilo lilielezwa vizuri na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihyaa aliiweka tiba katika faradhi kifaya, kundi moja na sala ya jeneza: wakiitekeleza wachache, wengine wamesalimika, isipotekelezwa na yeyote, mji mzima una dhambi. Alilalamika kwamba watu wa zama zake walikimbilia fikihi, yenye vyeo na mali za mayatima, huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Kwa mtazamo huo, swali la kwanza si kama mgeni anastahili kazi. Swali la kwanza ni kama mji una wagonjwa wasio na tabibu. Ukiwa nao, na tabibu yupo ndani ya mipaka yake akiosha sakafu, basi lawama haimwangukii yeye. Inawaangukia wenye mamlaka ya kumfikisha kwa mgonjwa na wasifanye hivyo.

Minnesota ilifika karibu na fikra hiyo kwa njia ya bajeti. Wilaya zake za mashambani zina upungufu wa madaktari, na mwaka 2014 bunge la jimbo liliunda jopo la kuchunguza hali ya madaktari waliosoma nje. Mwaka 2015 ikaanzishwa programu ya kuwasaidia chini ya idara ya afya, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Inawashauri, inagharimia maandalizi yao, na inalipia nafasi za residensi zilizotengwa kwa ajili yao. Daktari kwa upande wake hujifunga kuhudumu miaka 5 katika maeneo ya mashambani au yaliyopungukiwa. Mwaka 2024 bunge liliongeza leseni yenye mipaka kwa madaktari wazoefu waliotoka nje, wakifanya kazi chini ya uangalizi. Nafasi bado ni chache kuliko watu. Hata hivyo muundo wake ni sahihi: mgeni hapewi sadaka, anaingia mkataba, na kila upande una deni.

Taaluma zisizo na leseni hufuata njia nyingine. Mchumi au mtaalamu wa kompyuta hahitaji bodi. Anahitaji mtu wa kumdhamini kwa neno. Hussein Samatar, mkimbizi kutoka Somalia, alipata nafasi katika benki ya Wells Fargo, na baadaye akaanzisha African Development Center mjini Minneapolis, ambayo pamoja na mengine ilitafuta namna ya kuwakopesha wafanyabiashara Waislamu bila riba. Mwaka 2010 alichaguliwa katika bodi ya shule za mji huo; alifariki 2013. Aliyefunguliwa mlango alifungua mingine, na jambo hilo lina uzito kuliko wasifu wowote wa kuombea kazi.

Linabaki suala la miaka ya kungoja. Je, kazi ya chini humshusha mtu? Mji wa Saint Paul umebeba jina la mtume Paulo, aliyesoma miguuni pa Gamalieli, na ambaye huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi, aliandika kwamba hadhi ya kazi hutokana na mtu anayeifanya, si aina ya kazi. Hilo ni kweli, na kumwosha mzee ni ibada. Ila mfano wa mtume Paulo hutumiwa vibaya unapotajwa ili kumtuliza daktari. Paulo alishona mahema akiwa bado anahubiri. Kazi ya mikono ilibeba wito wake. Kazi inayoua wito ni jambo jingine, na subira isigeuzwe kuwa kisingizio cha wenye mamlaka.

Mdai mwingine yuko mbali. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha waliosomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta msaada. Asiporudi na msaada ni msaliti. Muuguzi aliyesomeshwa Uganda kwa kodi ya wakulima anaguswa na maneno hayo. Mkimbizi ambaye hospitali yake ilibomolewa haguswi kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa kijiji chenyewe kilimtoka kabla yeye hajakitoka. Lakini kuacha ujuzi uoze Minneapolis hakumrudishii mkulima hata senti. Ni kupoteza mara mbili. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 kuhusu ajira ya wahudumu wa afya kimataifa inazitaka nchi zinazopokea zishirikiane na nchi wanakotoka wahudumu hao na kuzisaidia, hasa katika mafunzo. Nchi ikishampa leseni daktari wa Kiafrika, sehemu ya deni lake kwa kijiji kile imehamia kwenye hazina ya nchi hiyo.